Amana au hiba? Kesi ya makaratasi ya Martin Luther King pale Boston

Tarehe 16 Julai 1964 Martin Luther King, yule kiongozi wa harakati za haki za weusi Marekani, alisaini barua fupi kwenda Chuo Kikuu cha Boston, na ukiisoma harakaharaka unaona ni barua ya kiofisi tu, anawaambia nimeichagua maktaba yenu iwe ndo mahali pa kuhifadhi barua zangu, miswada na makaratasi yangu mengine. Hakuna maneno mazito wala hotuba. Lakini barua hiyohiyo miaka 23 baadae ilimpeleka mjane wake mahakamani kudai boksi za marehemu mumewe, na mpaka kesi inaisha kabisa ilikuwa 1995, King mwenyewe ana miaka 27 kaburini.

Mi nimeisoma hii kesi mara kadhaa sasa na kila nikirudi naona watu wanaielezea vibaya, wanasema ati chuo cha wazungu kilimdhulumu mjane, au upande wa pili wanasema mjane alikuwa anatafuta hela. Vyote viwili vinaruka kitu chenyewe. Sisi Waswahili tuna bahati ya kuwa na maneno mawili ambayo yanaifungua hii kesi vizuri kuliko makala nyingi nilizozisoma, nayo ni amana na hiba. Amana umenipa nikutunzie, mali bado yako, siku ukirudi nakurudishia. Hiba umenipa, imetoka kwako, basi. Sasa barua ya King imebeba vyote viwili kwa mpigo mmoja na hapo ndo shughuli ilipoanzia.

Sikia inavyosema, naieleza kwa maneno yangu. Kwanza, makaratasi yote yatakayoingia mikononi mwa chuo yanabaki mali yangu kisheria mpaka nitakaposema vingine. Na kama mtayatunza vizuri halafu kwa bahati mbaya yakaharibika au yakapotea, siwadai. Hiyo ni amana safi kabisa, hata bibi yangu angeielewa. Halafu anaendelea, kila mwaka nitaonyesha sehemu fulani ya vitu hivyo iwe mali yenu moja kwa moja, zawadi kutoka kwangu, mpaka vyote viishe. Hapo tumeshaingia kwenye hiba, tena hiba ya mafungu. Na mwisho kabisa, nikifa, vyote mlivyonavyo vinakuwa mali ya chuo kuanzia siku hiyo.

Hicho kipengele cha mwisho ndo kinachoumiza kichwa. Ukimpelekea shehe wa Lamu au Unguja atakuuliza swali moja tu, huyu mtu katoa lini? Maana hiba inataka makabidhiano mtu akiwa hai, ukiining'iniza kwenye kifo inageuka wosia, na wosia una masharti yake, haupiti theluthi ya mali. Sheria ya Massachusetts haina habari na theluthi lakini wasiwasi ni uleule, kwamba kama hii ni zawadi ya baada ya kifo basi wosia uko wapi, mashahidi wako wapi? Na King hakuacha wosia. Aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968 ana miaka 39, bila wosia, kwa hiyo Coretta Scott King akawa msimamizi wa mirathi na kwa nafasi hiyo ndo aliyofungulia kesi Desemba 1987.

Kabla ya mahakama inabidi tuulize kwanza, kwa nini Boston? Mtu wa Georgia, aliyewahi kuwa mchungaji Alabama, makaratasi yake yanafuata nini kaskazini kwenye baridi? Majibu yapo kama mawili. La kwanza ni kwamba Boston ni chuo chake, alichukua udaktari wa theolojia pale 1955, na mjini Boston ndipo alipokutana na Coretta ambaye alikuwa anasomea muziki. La pili ni usalama. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba yao Montgomery, Alabama, ililipuliwa bomu wakati weusi wamegoma kupanda mabasi, King hayupo, yuko kwenye mkutano, Coretta yuko ndani na mtoto mchanga. Mei 1963 nyumba ya mdogo wake King ikalipuliwa Birmingham, Septemba mwaka huohuo ikawa zamu ya kanisa, wakafa mabinti wanne. Sasa wewe una barua elfu kadhaa za harakati, zina majina ya watu, waliochanga hela, waliofukuzwa kazi, utaziweka stoo ya kanisa gani pale kusini? Upande wa mama, yaani Coretta, uliishika sana hoja hii, kwamba Boston ilikuwa kificho cha muda, kusini kukitulia vitu virudi nyumbani.

Na ukiangalia tarehe unaona. Barua imesainiwa wiki mbili tu baada ya rais Johnson kusaini Sheria ya Haki za Kiraia tarehe 2 Julai 1964, King akiwa amesimama nyuma yake. Tuzo yake ya Nobeli ya amani bado haijatangazwa, ilikuja Oktoba. Ana miaka 35. Nani ana miaka 35 anafikiria makaratasi yake yatakaa wapi akifa? Jibu ni kwamba kuna mtu alimfikirishia. Boston walikuwa na mtunza kumbukumbu anaitwa Howard Gotlieb, alianza kazi pale 1963, na mtindo wake ulikuwa kuwaandikia watu mashuhuri barua wakiwa bado wazima na kazi zao zinaendelea, kabla maktaba kubwa hazijashtuka, anawaomba karatasi zao. Ndo maana ukienda pale unakuta King yuko jengo moja na waigizaji wa Hollywood, Bette Davis na Fred Astaire. Mi namheshimu kwa hilo. Wengi kwetu tunasubiri mazishi, halafu wiki ya pili ndo tunaanza kuulizana yale madaftari ya mzee nani kayachukua, kumbe dada wa kazi ameshawashia jiko.

Basi boksi zikaenda Boston, kwenye nyaraka 83,000 hivi, nyingi za miaka ya kwanza ya harakati. Zilizofuata zikabaki Atlanta, Georgia, mji wa kwao. Baada ya msiba Coretta akaanzisha King Center, kituo cha kumbukumbu ya mumewe hapohapo Atlanta, mwaka huohuo 1968, na wazo lake lilikuwa wazi, mtu mmoja maisha yake yawe sehemu moja, kwao, kwenye mtaa aliozaliwa. Ukiwa mtafiti unataka kumfuata King kutoka Montgomery mpaka Memphis ilibidi nusu ya maisha yake uisome Massachusetts na nusu Georgia. Akawaomba Boston warudishe. Rais wa chuo wakati huo, John Silber, hakuwa mtu wa kulegea, akakataa.

Kesi ikasikilizwa 1993 mbele ya juri, yaani wale raia wa kawaida wanaoitwa kukaa, kusikiliza na kuamua. Coretta alipanda kizimbani mwenyewe. Na hapa naomba tutulie kidogo maana hapa ndo penyewe.

Juri haikuulizwa nani anastahili. Haikuulizwa Mmarekani mweusi au mzungu, kusini au kaskazini, mjane au taasisi. Iliulizwa, je barua ile ni ahadi ya kutoa? Wakasema ndiyo. Je ni mkataba? Wakasema hapana, na hii watu wengi hawaijui, wanadhani chuo kilishinda kwa mkataba. Je ni ahadi ya hisani, kama ile mtu anasimama kwenye harambee anasema mimi natoa mabati mia, na je, kuna jambo chuo kilifanya kwa kuitegemea ahadi hiyo mpaka ahadi ikawa na nguvu ya kudaiwa? Wakasema ndiyo. Chuo kikashinda. Mama akakata rufaa, na Aprili 1995 mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts ikabaki na uamuzi uleule.

Tukirudi kwenye harambee, mnaelewa. Mtu akiahidi mabati halafu asitoe, kwa kawaida tunamsema tu mtaani, hatumpeleki popote. Lakini kama kamati ilisikia ahadi ikaenda ikajenga kuta, ikalipa fundi, ikapandisha mbao kwa kuitegemea ile ahadi, hapo hata wazee watasema ndugu yetu, hapa umeshatuingiza gharama, leta mabati. Mahakama ilikwenda njia hiyohiyo. Ikasema mtu uliyeachiwa amana kazi yako ni kutunza tu, isiibiwe, isinyeshewe, na hivyo basi kutunza peke yake hakuthibitishi kitu. Lakini Boston walifanya zaidi ya mlinzi. Walizipanga karatasi, wakaandika orodha ya kilichomo, wakaweka wafanyakazi waliosomea kazi hiyo, wakawafungulia watafiti, na walifanya hafla ya kupokea ambayo King mwenyewe alihudhuria na kuzungumza. Mtu haandai hafla na kuajiri watu kwa ajili ya begi aliloachiwa wiki mbili.

Kwetu kuna kisa cha cherehani kinanisaidia sana kuliona hili. Bibi aliiacha kwa jirani alipohamia shamba, akamwambia shonea, nikifa ni yako. Miaka ikapita, jirani kabadilisha mkanda, kanunua meza mpya, kafundishia mabinti watatu ushonaji kwa cherehani ileile. Bibi alipofariki anko wangu mmoja akaenda kuidai na karatasi ya risiti. Jirani hakubishana, alimwonyesha tu wale mabinti. Anko alirudi mikono mitupu na mpaka leo hajakubali, na kusema ukweli mimi mpaka leo sijui nani alikuwa na haki zaidi, ila najua nani alikuwa na hoja.

Kwa hiyo mi nasema hivi, Boston hawakushinda kwa barua. Barua peke yake ilikuwa inayumba, nusu amana nusu hiba, na kile kipande cha kifo kingeweza kuiangusha. Walishinda kwa orodha. Yule karani asiyejulikana jina aliyekaa kuandika boksi namba fulani, faili fulani, barua ya tarehe fulani, ndo aliyeshinda kesi, miaka thelathini kabla. Watu wanaodharau kazi ya kupanga mafaili huwa nawatumia kesi hii.

Ila sitaki ionekane namwona mama kama mkorofi, hapana. Hebu jiweke pale. Mumeo kauawa, una watoto wanne, umebeba jina lake peke yako miaka ishirini, umejenga kituo, halafu karatasi alizoandika usiku mkiwa mezani pamoja ziko mji mwingine na unaambiwa uje kama mgeni mwingine yeyote, ujaze fomu. Na mtu kubadili mawazo ni jambo la kawaida, kusini ya 1987 haikuwa kusini ya 1964. Tatizo ni kwamba aliyetakiwa kubadili ni yeye King, kwa maandishi, na kwenye maandishi hakuna. Mahakama haiwezi kusoma moyo wa marehemu.

Halafu kuna kejeli moja hapa katikati ambayo mtunzi wa riwaya angeiona imezidi. 1985, miaka miwili kabla ya kesi, Coretta mwenyewe alimwomba mwanahistoria Clayborne Carson wa Stanford aongoze mradi wa kuhariri na kuchapisha maandishi yote ya King, mpango mkubwa wa mabuku 14. Mradi huo ulikuwa hauwezi kwenda bila yale ya Boston, kwa sababu ndiko kuliko insha za mwanafunzi, notsi za darasani, kadi za kusomea. Wahariri wakaanza kukagua tanbihi moja moja kama kazi inavyotaka, na wakagundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakitafuta, King alinakili sehemu za tasnifu yake ya udaktari kutoka kwa waandishi wengine, pamoja na tasnifu ya mwanafunzi mwenzake aliyemtangulia palepale Boston, bila kutaja inavyotakiwa. Habari ikatoka magazetini Novemba 1990. Chuo kikaunda kamati, 1991 kamati ikasema ndiyo, kanakili, lakini digrii isiguswe, na barua ya maelezo ikaambatanishwa kwenye nakala ya tasnifu iliyopo maktaba.

Sasa fikiria, ushahidi wote ule nani aliupeleka pale? King mwenyewe. Angeweza kuchoma zile kadi, 1964 tayari ni mtu mkubwa duniani, nani angejua? Hakuchagua barua nzuri tu akaacha mbaya. Kuna wanaosema hakukumbuka yaliyomo, sawa, inawezekana. Lakini mi naona mtu anayepeleka boksi zake zote bila kuchambua, tena mahali ambapo watafiti wataingia, ni mtu wa aina fulani. Linganisha na mafaili ya viongozi wetu, yale yaliyobaki yamepigwa pasi mpaka hayana mkunjo.

Na kingine ambacho kushinda kwa Boston hakukibadilisha ni hakimiliki. Karatasi ni ya chuo, maneno yaliyo juu ya karatasi ni ya familia. Watu huwa wanachanganya hapa. Unaweza kuwa umeishika barua orijino mkononi, halali yako, na bado huruhusiwi kuichapisha kitabuni bila kuwaomba wenye haki. Na familia hiyo haki wameilinda kwelikweli, waliwashitaki televisheni ya CBS kwa kutumia picha za ile hotuba yake ya "Nina ndoto" ya tarehe 28 Agosti 1963, na 1999 mahakama ya rufaa ikasema kuhutubia umati mkubwa kiasi kile mbele ya kamera hakumaanishi umeitoa bure kwa dunia. Kwa hiyo Boston walipata ganda na familia ikabaki na tui, kama nazi.

Hela zilikuja baadae. Coretta alifariki 30 Januari 2006, na miezi michache tu baada ya hapo watoto wakapeleka mkusanyiko mwingine, ule uliobaki kwa familia, kwenye mnada wa Sotheby's New York, vitu zaidi ya 10,000, vingi vimeandikwa kwa mkono wake. Mnada ulipangwa tarehe 30 Juni. Wiki moja kabla, meya wa Atlanta Shirley Franklin na wenzake wakakimbizana na mabenki na wafanyabiashara wakapata dola milioni 32, wakavinunua vyote, vikaenda kukaa Morehouse, chuo alichosoma King ujana wake. Kwa hiyo makaratasi yakarudi kusini kweli, yale mengine, kwa milioni 32. Yale ya Boston yalipatikana kwa stempu ya barua. Nawaachia mpige hesabu wenyewe.

Kuna pembe ya kwetu pia, siwezi kuiruka. Mei 1959 Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, alipokuwa Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya alifika Atlanta, akaandaliwa chakula cha jioni na King akazungumza, akasema haoni tofauti ya msingi kati ya ukoloni na ubaguzi wa kwao. Julai King akamwandikia Mboya barua, na akakubali kusaidia gharama za mwanafunzi wa Kenya. Barua hiyo imechapishwa kwenye buku la tano la ule mradi wa Stanford, lililotoka 2005, Mkenya yeyote anaweza kuisoma. Na makaratasi ya Mboya mwenyewe? Yako taasisi ya Hoover, hapohapo Stanford, California. Yaani watu wawili walioandikiana kutoka Montgomery na Nairobi, leo mazungumzo yao unayafuata kwenye chuo kimoja ambacho hakuna kati yao aliyesoma. Kila nikilitaja hili kuna mtu anakasirika, anasema yarudishwe. Sawa, lakini kwanza atuonyeshe nani ameajiriwa kuandika orodha.

Mpaka hapa nimeongelea karatasi ambazo King alizitoa kwa mkono wake au familia iliziuza kwa hiari yake. Kuna rundo la tatu ambalo si amana wala si hiba. Kuanzia 1963 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuwa wanasikiliza simu zake kwa ruhusa ya Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa wakati huo, na walitega vinasa sauti kwenye vyumba vya hoteli alivyolala. Mwaka 1977 jaji wa Washington aliamuru kanda na maandishi yake yapelekwe Nyaraka za Taifa na yafungiwe miaka 50. Julai 2025 serikali ya Marekani ilimwaga hadharani kurasa zaidi ya 230,000 za mafaili ya mauaji yake, watoto wawili waliobaki wakaomba watu wazisome kwa utu na kukumbuka kwamba huyo ni baba yao, lakini kanda zile bado hazikuwemo. Muhuri unaisha 31 Januari 2027. Hakuna aliyeandika barua ya kuzikabidhi, na orodha yake iliandikwa na waliokuwa wanamwinda.